Kupima Kwanza: Tabibu na Fundi Ni Ndugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa fikira zangu juu ya namna ya kutafuta ugonjwa katika mwili wa mtu, na namna ya kutafuta kasoro katika mtambo. Wengi wetu hapa shuleni twadhani kwamba kazi hizi mbili ziko mbalimbali kama mbingu na nchi. Apendaye kuwa tabibu hushughulika na Baiolojia na Kemia, na apendaye kuwa fundi-mitambo hushughulika na Fizikia na Hisabati, wala hawana shauri pamoja. Mimi nasema kwamba kazi hizo ni moja, na kwamba lau sisi wanafunzi tungeifahamu mapema tungeokoa fedha nyingi, na pengine maisha ya watu.

Kwanza na tuangalie jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Mgonjwa akifika mbele ya tabibu mwema, hapewi dawa papo hapo. Huulizwa: Homa ilianza lini? Huja usiku au mchana? Umesafiri wapi? Umekula nini? Kisha tabibu humtazama macho na ulimi, humpapasa tumbo, humsikiliza kifua, ndipo aagize damu ipimwe. Sasa nenda katika karakana zilizo upande wetu huu wa mji, hapa Sokon I na kule Unga Limited, ambako magari huletwa yakiwa yamechakaa kwa vumbi na mawe ya njia za mbugani. Dereva husema, "Gari langu linakosa nguvu mlimani." Fundi mwema naye huuliza: Lilianza lini? Hukosa nguvu likiwa baridi au likiisha kupata moto? Uliweka mafuta wapi? Kisha huinama akasikiliza injini, akatazama rangi ya moshi, akachomoa kijiti cha oili akainusa, ndipo afungue plagi. Wote wawili wafuata njia ile ile: habari ya mwenye shida, dalili za nje, kipimo, na mwisho tiba.

Wala undugu huu si wa jana. Katika mji wa Graz, nchi ya Austria, alizaliwa mwaka 1722 mtoto aitwaye Leopold Auenbrugger, ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Yasimuliwa kwamba katika nyumba ile alijifunza kugonga mapipa ili ajue divai imefika wapi, maana pipa tupu lina mlio wake na lililojaa lina mlio mwingine. Alipokuwa tabibu huko Vienna aligonga vifua vya wagonjwa kwa vidole vyake, akatambua mahali penye maji na mahali penye hewa, na mwaka 1761 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Hata leo tabibu hugonga kifua hivyo hivyo, kama vile sisi tugongavyo tenki la maji nyuma ya bweni ili tujue kama tutaoga au hatuogi. Mafundi wa reli nao walikuwa wakigonga magurudumu ya gari-moshi kwa nyundo: gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka.

Mfano mwingine ni mkubwa zaidi. Mama mjamzito akienda hospitali siku hizi, huonyeshwa mtoto wake katika kioo cha ultrasaundi. Chombo hicho hupeleka ndani ya mwili mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuyasikia, nayo hurudi kama mwangwi. Je, kilitoka wapi? Kilitoka kiwandani. Mafundi walikuwa wakitumia mawimbi hayo kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya vyuma, maana penye ufa mwangwi hurudi mapema. Profesa Ian Donald, tabibu wa uzazi katika mji wa Glasgow, Scotland, alisikia habari hizo. Mwaka 1955 alikwenda katika kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, kilichokuwa kikitengeneza matangi makubwa ya mvuke, akachukua vivimbe vilivyokuwa vimekatwa kwa wagonjwa, akavipima kwa chombo cha kupimia vyuma. Aliona kwamba kivimbe kilichojaa maji hutoa mwangwi usiofanana na kivimbe cha nyama tupu. Baadaye alifanya kazi pamoja na kijana fundi aitwaye Tom Brown, na mwaka 1958 habari zao zikatolewa katika jarida la The Lancet. Lau tabibu yule angeona haya kuingia kiwandani kujifunza kwa watu wa vyuma, akina mama wangapi wangeendelea kupasuliwa kwa kubahatisha?

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Basi na tutazame hapa petu. Sisi tuliokulia kandokando ya Mlima Meru twajua kwamba watu wengi wa huku wana meno yenye madoa ya rangi ya kahawia. Sababu yake ni floraidi, ambayo imo kwa wingi katika maji ya sehemu nyingi za huku kwa ajili ya mawe ya volkeno. Huko Marekani, daktari wa meno Frederick McKay alianza kuyashangaa madoa ya namna hiyo katika mji wa Colorado Springs tangu mwaka 1901, akashuku maji, lakini vipimo alivyokuwa navyo havikuonyesha kitu. Jibu lilipatikana mwaka 1931, nalo lilitolewa na mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, aliyepima maji kwa chombo cha kiwandani. Tazama basi: dalili ilikuwa kinywani mwa mtu, na kasoro ilikuwa katika bomba. Doa la jino ni kama taa nyekundu katika dashibodi ya gari. Ukilisugua doa bila ya kutazama maji, ni sawasawa na dereva anayebandika karatasi juu ya taa ili asiione. Ndiyo sababu hapa kwetu kiliwekwa kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ambacho kazi yake ni kutafuta njia za kupunguza floraidi katika maji, mojawapo ikiwa ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Na huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Panya hao hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wenzao, kwa njia ile ile ya kufundisha, hunusa makohozi ya watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alitafuta mabomu nchini Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza. Jambo la kukumbuka ni kwamba panya hatoi hukumu ya mwisho. Akionyesha kwamba makohozi yana harufu ya ugonjwa, wataalamu huyapima tena katika maabara; akikwaruza ardhi, mtu huja na chombo chake kuhakikisha. Dalili ni dalili, na uthibitisho ni uthibitisho.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Kwa nini nasema jambo hili ni la maisha na mauti? Ni kwa sababu nchini mwetu tumezoea sana kutibu kabla ya kupima. Hapo jirani, Moshi, wataalamu waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Watu 528 walikuwa wamesemwa kuwa wana malaria. Damu ilipopimwa kwa uangalifu, ikaonekana kwamba malaria ndiyo iliyokuwa sababu ya homa kwa watu 14 tu. Waliobaki walikuwa na magonjwa mengine, na wengi hawakujua. Wengine walikuwa na vijidudu katika damu, wengine brusela na leptospira, ambayo ni magonjwa yatokayo kwa wanyama. Ni kweli kwamba mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, na vipimo vya haraka vya kutoboa kidole vimeenea sasa hata katika zahanati za vijijini. Lakini desturi ya watu haibadiliki kwa siku moja. Hata leo mtu akihisi baridi jioni, rafiki zake humwambia, "Hiyo ni malaria, kanunue dawa."

Hayo nimeyaona kwa macho yangu. Rafiki yangu mmoja, ambaye ameniruhusu nisimulie bila ya kumtaja jina, alishikwa na homa ya vipindi, maumivu ya viungo na jasho la usiku. Alinunua dawa ya malaria katika duka la dawa bila ya kutobolewa kidole. Akapata nafuu siku tatu, homa ikarudi. Akanunua tena dawa nyingine. Kwa njia hiyo alikosa masomo karibu nusu ya muhula, akakonda hata mama yake alipomwona alilia. Mwisho alipelekwa hospitali, akakutana na tabibu aliyekaa naye akamwuliza habari za nyumbani kwao. Kwao ni wafugaji, nao hunywa maziwa mabichi. Tabibu akaagiza kipimo cha brusela, na ugonjwa ukaonekana. Alitumia dawa kwa majuma kadhaa, na leo yuko darasani pamoja nasi. Nawaomba wasomaji waangalie kwamba kilichomwokoa kwanza kilikuwa swali. Kipimo kilifuata baadaye.

Mwaka huo huo, jirani yetu mmoja huko nyumbani pampu yake ya maji ilikataa kufanya kazi. Akaambiwa pampu imekufa, akauza mbuzi wawili akanunua nyingine. Pampu mpya nayo ikakataa. Ndipo akaja fundi mwingine mwenye kipimo cha umeme, akaanza kupima tangu kwenye mita. Kumbe sisimizi walikuwa wameingia ndani ya swichi wakazuia vyuma visigusane. Pampu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa! Je, kuna tofauti gani kati ya mbuzi wale wawili na dawa zile alizonunua rafiki yangu?

Tena kuna hesabu ndani ya jambo hili, nayo ni hesabu ya Kidato cha Nne. Fikiri shule yenye watu 1,000, na kati yao 10 wana ugonjwa fulani. Tuna kipimo ambacho hutambua wagonjwa 9 katika kila 10, lakini huwasingizia ugonjwa wazima 1 katika kila 10. Tukiwapima wote, kitatambua wagonjwa 9, na kitawasingizia watu 99 kati ya wale 990 walio wazima. Basi watu 108 wataambiwa wana ugonjwa, na kati yao mgonjwa wa kweli ni mmoja tu katika kila 12. Wengi hushtuka wakiona hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba kipimo hakitoshi peke yake. Yafaa maswali na dalili zitangulie ili tuwapime wale wenye sababu ya kupimwa, na anayeonekana ana ugonjwa apimwe tena kwa kipimo cha namna nyingine. Taa ya hatari katika mtambo ina hesabu hiyo hiyo. Ikiwa huwaka ovyo ovyo, mwisho mwendeshaji ataidharau hata siku itakapowaka kwa haki.

Mafundi wana werevu mwingine ambao ningependa tuuige. Tuseme maji hutoka kisimani mpaka bwenini kwa bomba lenye viungo 16, na mahali fulani pameziba. Asiyejua ataanza kiungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na pengine atamaliza vyote. Fundi huanza katikati. Kama maji yafika hapo, kizuizi kiko mbele. Kama hayafiki, kiko nyuma. Akigawa hivyo mara nne tu, 16 huwa 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1, naye ameshafika. Tabibu mwema huuliza maswali ya namna hiyo hiyo, kila swali likiondoa nusu ya magonjwa yanayowezekana. Sisi katika mtihani wa vitendo wa Fizikia mara nyingi huzungusha na kuvuta kila waya mpaka balbu iwake, kisha hatujui ni nini kilichoiponya.

Najua kwamba watakuwapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema, kupima ni gharama, na maskini hana fedha. Nami nawajibu kwamba dawa isiyo ya ugonjwa wako ni ghali kuliko kipimo, maana utainunua na ugonjwa utabaki nao. Na vipimo vya kwanza, yaani kuuliza, kutazama, kusikiliza na kugusa, havina bei.

Wa pili watasema, siku hizi kuna kompyuta ya kupimia magari, ichomeke nayo itakwambia kila kitu. Nimemwuliza mzee mmoja fundi jambo hilo, nikiisha kumpa shikamoo yake. Alinionyesha namba P0171 katika kioo cha kompyuta yake. Namba hiyo maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Basi, hapo ndipo imefika. Huenda mpira wa hewa umepasuka, au sensa ya hewa imechafuka, au pampu ya mafuta imechoka, au filta imeziba. "Mwanangu," akasema, "hii ni kama kumpima mtu homa. Umejua ana homa. Homa ya nini?" Maneno hayo yamenikaa moyoni. Mashine hutaja dalili, na mtu hana budi kuitafuta sababu.

Wa tatu watasema kwamba mtu si mashine, na hao wana haki. Injini waweza kuizima ukaifungua juu ya meza, na chombo kibovu waweza kukitupa ukaweka kipya. Mtu haзimwi. Tena mtu huona haya na kuogopa. Huficha mambo mbele ya tabibu, jambo ambalo injini haifanyi. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo tabibu ana mzigo mmoja zaidi ya fundi: hana budi kuaminiwa kwanza ndipo aambiwe kweli, na aliloambiwa alitunze. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza uangalifu katika kupima, wala si sababu ya kuacha.

Basi natoa mashauri manne kwa shule yetu. La kwanza, pampu, jenereta na majiko yetu viwe na daftari lao, na kila juma mwanafunzi wa zamu aandike sauti yake ikoje, oili imefika wapi, joto likoje. Hospitalini kila mgonjwa ana karatasi ya namna hiyo. Huwezi kuujua ugonjwa wa kitu ambacho hukuijua afya yake. La pili, mwanafunzi yeyote mwenye homa apelekwe kupimwa kabla ya kumeza kidonge chochote, na viranja wa mabweni wasimwache mtu ajitibu kwa shauri la rafiki. La tatu, chama chetu cha sayansi kimwalike tabibu mmoja na fundi mmoja siku ile ile, wakae meza moja, kila mmoja atueleze jinsi anavyotafuta kasoro. Naamini wao wenyewe watastaajabu. La nne, tuache kumcheka mwenzetu anayesema, "Sijui bado, ngoja nipime." Katika darasa zetu ajibuye upesi husifiwa hata akikosea, na anayesita huonekana mjinga. Hiyo ndiyo shule ambamo tabibu na fundi wa kubahatisha huzaliwa.

Miaka michache ijayo baadhi yetu tutavaa makoti meupe na wengine tutavaa ovaroli zenye oili. Wanakijiji watatuletea watoto wao na pampu zao, nao hawatakuwa na njia ya kujua kama tunajua au twakisia. Watatuamini tu. Nasema imani hiyo ni deni, na tuanze kulilipa sasa, tungali hapa shuleni, kwa kujizoeza kuuliza na kupima kabla ya kutia mkono.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha IV